Bibi Harusi wa Udongo wa Kichuguu

Picha ya kwanza aliyoipiga Wilibrodi asubuhi ile ilikuwa ya uso wa jiwe. Uso mpana, midomo minene, macho yamefumbwa, mkubwa kuliko nyumba ya baba yake kule Ufipa. Ya pili ilikuwa ya uso wa ubavuni, kwa sababu kila mnara ulikuwa na nyuso nne, na minara ilikuwa mingi. Kufika saa nne alikuwa na picha sitini na alikuwa bado hajavuka ukuta wa kwanza wa mji.

Alikuwa amepelekwa Kambodia na panya. Panya buku, wale wakubwa wenye mashavu, ambao Morogoro hufundishwa kunusa baruti iliyozikwa ardhini ili watu wa nchi zilizopigana wapate kulima tena bila kupoteza miguu. Wilibrodi aliwafundisha miaka kumi na mmoja kabla hajapandishwa ndege kwenda kuwasimamia huko. Panya hashughuliki na chuma. Mashine hulia kwa kila msumari na kila kopo. Panya hupita juu ya chuma kama hakipo. Hilo lilimuuma kidogo kila alipolifikiria, maana yeye alitoka kwa watu wa chuma.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili, hakuna kazi, na mwenzake mmoja wa pale, Mkambodia aliyeongea Kiingereza cha kuungaunga kama chake, alimchukua kwa pikipiki kwenda kuona mji wa mahekalu wa wafalme wa kale wa Khmer. Walitembea katikati ya kuta zilizoanguka na ambazo hazijaanguka. Mizizi ya miti ilikuwa imeteremka juu ya mapaa kama nta ya mshumaa. Watu wa mataifa yote walipanga foleni wapigwe picha na mzizi.

"Nani alibeba mawe haya?" Wilibrodi aliuliza.

Mwenzake alicheka. "Watu kama mimi na wewe. Jina la mfalme limechongwa ukutani. Majina ya wabebaji hayamo."

"Kwetu ni kinyume," Wilibrodi alisema. "Majina tunayo yote. Kitu chenyewe ndicho kinataka kwenda."

Nyuma ya hekalu moja walikuta mafundi wenye kofia ngumu. Walikuwa na winchi na mifuko ya saruji, na walikuwa wakipachika jiwe jipya, jeupejeupe, katikati ya mawe meusi ya zamani. Kamba ilizungushwa, kibao kikasimikwa, na watalii walipita wakiwapiga picha hao mafundi kwa heshima. Wilibrodi alisimama pale muda mrefu. Alihesabu mawe mapya kumi na saba katika ukuta mmoja. Hakuna aliyesema kwamba ukuta ule si wa kale.

Akatoa simu, akampigia dada yake.

Adela aliishi Mazwi, mjini Sumbawanga, akiuza vitambaa na vyombo vya plastiki, lakini mwisho wa juma alipanda kijijini, mbele ya Chala, kumfulia baba yao. Kule ilikuwa bado asubuhi, misa haijaanza. Akaielekeza simu kwa mzee.

"Tata, shikamoo."

"Marahaba, baba. Mbona nyuma yako ukuta umeota mti?"

"Ndiyo hekalu lenyewe, Tata. Lina miaka zaidi ya mia nane."

"Na wenyewe hawana shoka?"

Adela alicheka mpaka simu ikatikisika. "Tata, mti ndio watu wanakwenda kuuona."

"Watu wanapanda ndege kwenda kuona uvivu," alisema Mzee Yusto. "Haya, nionyeshe mengine."

Wilibrodi akamwonyesha mafundi, winchi, saruji, jiwe jipya. Mzee akasogeza uso hadi simu ikajaa pua yake.

"Wanaziba."

"Wanaziba, Tata. Wanatengeneza palipobomoka. Na wewe uzibe ule ufa wa upande wa mashariki kabla yule mkaguzi hajafika. Watu wakija wakute lina wenyewe. Tukiliacha hivyo watasema tumelitupa."

"Hata kulipamba?"

"Lipambe, Tata. Ni lako."

Hayo ndiyo maneno aliyosema, kwa mdomo wake, akiwa amesimama kwenye kivuli cha mfalme wa watu wengine. Hakuna aliyeyasikia vibaya.

Sasa, kilichokuwa kinataka kwenda ni ilungu.

Asiyejua ilungu ajue hivi. Ni tanuru la kuyeyushia mawe ya chuma, limesimama kama mnara, limepita kimo cha mtu na nusu, limejengwa kwa udongo wa kichuguu ambao mvua haiupati kirahisi. Chini lina milango pande zote ya kuingizia hewa. Hapakuwa na mtu wa kuvuta mivukuto. Upepo wa Ufipa wenyewe ulifanya kazi. Wafipa walitoa majembe humo yakalima mpaka ng'ambo ya ziwa. Kisha likaja jembe la meli, na serikali ya Mwingereza ikapenda zaidi jembe la meli. Vikapu vya dawa za mafundi vikachomwa na watu wa dini uwanjani, mchana, watoto wakitazama. Mwaka sabini na nne watu wakapakiwa kwenye malori wakashushwa barabarani wawe kijiji, na malungu tisa yakabaki peke yao kilimani. Moja lilifanywa zizi. Mawili yalibomolewa, udongo ukajengewa ofisi ya chama. Mengine yalikufa yenyewe. Kila hatua ilikuwa na barua na muhuri wake, na kila barua ilieleza kwamba ni kwa maendeleo ya wananchi.

Likabaki moja, la Adriano, baba wa Yusto, fundi wa mwisho. Yusto aliliona likiwaka mara moja tu, akiwa mtoto mdogo wa kubebwa begani. Miaka yote hiyo alipanda kilimani kila Jumamosi kufyeka majani. Mtu angesema analima kaburi.

Halafu barabara ikaja. Mkandarasi alipima udongo wa vilima vyote akaona changarawe ya kilima cha malungu ndiyo inayofaa kumwagwa kabla ya lami. Mzee Yusto aliandika, akaandikiwa. Akaenda mjini mara sita. Mwishowe jibu likatoka: atatumwa mkaguzi wa malikale. Akikuta kitu cha kale, kitaingizwa kwenye daftari na kilima kitaachwa. Asipokuta, Jumatatu inayofuata mashine zinaanza.

Wilibrodi aliomba likizo yake iangukie siku ya mkaguzi.

Alifika Chala Ijumaa ya mwisho wa Agosti, mifupa imelegea kwa siku mbili za basi kutoka Morogoro, akachukua pikipiki kupanda kijijini. Upepo wa uwanda wa juu ulikuwa ule ule, mkavu, unaochana midomo. Mashamba ya mahindi yalibaki mabua. Walipopinda kona ya mwisho dereva alinyoosha kidole.

"Bro, ile nini pale juu? Tangi la maji?"

Wilibrodi alitazama. Juu ya kilima, katikati ya majani makavu ya rangi ya simba, palisimama kitu cheupe pe, kinang'aa kama jino.

Alimwambia dereva aongeze mwendo.

Mzee Yusto alikuwa ameshavaa koti. Aliitikia shikamoo ya mwanawe haraka, kama mtu anayefunga mlango kwa kisigino, akamshika mkono. "Begi liache hapo. Twende ukamwone."

Aliongea njia nzima. Wanawake wa jumuiya walichota maji. Mtendaji, Christopha, alitoa saruji mifuko mitatu iliyobaki kwenye choo cha shule, na chokaa ile ya kupaka mawe wakati wa Mwenge. Mtini ulioota ndani ya ilungu wameukata na mizizi yake wameing'oa. Ulipong'oka, ubavu wa mashariki ulianguka wote, si ufa tena, lakini wameujenga upya kwa tofali na plasta, na mtu hawezi kujua. Milango ya hewa wameiziba kwa zege isipokuwa mmoja, fisi wasilale humo.

"Na chokaa, Tata?" Wilibrodi aliuliza.

Mzee alisimama kupumua. "Wewe hukuwahi kuambiwa, kwa sababu tuliona aibu mbele ya mapadre. Ilungu ni bibi harusi. Baba aliwakataza mafundi wasiende kwa wake zao mpaka chuma kitoke, kwa sababu siku zile walikuwa na mke mmoja tu, huyu. Kabla ya kuwashwa alipakwa, akapambwa, akaimbiwa. Huwezi kumleta mgeni kwa bibi harusi mchafu." Akaanza tena kupanda. "Miaka themanini hakuna aliyempaka. Nikasema, mwanangu amesema nimpambe. Nikampamba."

Juu, Wilibrodi alilizunguka taratibu. Kazi ilikuwa nzuri. Plasta imenyooshwa kwa ubao, kingo zimekaa sawa. Karibu na mlango mmoja uliobaki mtu alichora kwa rangi nyekundu jembe na suke la mahindi, na chini yake: KARIBU MGENI WETU. Kwa miaka sitini nchi hii imefundishwa kwamba mkubwa akija jiwe lipakwe chokaa, na mtu asiyepaka aliitwa mvivu kwenye mkutano. Wamefundishika vizuri. Nani wa kuwacheka?

Alikwangua kwa ukucha. Chokaa ikatoka, chini yake saruji. Chini ya saruji hakufika.

"Amependeza?" mzee aliuliza.

"Amependeza, Tata."

Mkaguzi alifika kesho yake saa tano kwa gari la serikali, mwanamke wa makamo aitwaye Salome, viatu vya kutembelea, daftari mkononi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo liliumiza zaidi. Alimwamkia mzee kwa adabu, akakataa soda mpaka amalize kazi, akapanda kilima bila kulalamika. Alipofika juu alisimama akiwa amefungua mdomo.

Christopha alianza hotuba. "Mheshimiwa mkaguzi, wananchi kwa nguvu zao wenyewe..."

"Subiri kidogo, mtendaji." Alizunguka mara mbili. Aligonga kwa kifundo cha kidole. Aliinama kwenye ule mlango mmoja, akamulika ndani, akakuta plasta huko pia. Alipoinuka uso wake ulikuwa umezeeka. "Nani amefanya hivi?"

"Sisi," alisema Mzee Yusto, akitabasamu. "Na mimi nilisimamia."

"Lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

Salome alimtazama Wilibrodi, kama mtu anayemtafuta atakayetafsiri, ingawa wote waliongea lugha moja. Walisogea pembeni, upande wa upepo.

"Kaka, mimi naandika ninachokiona," alisema. "Ninachokiona ni jengo la saruji la wiki mbili."

"Ndani yake lipo."

"Huenda lipo. Ili kulithibitisha inabidi lichimbwe, udongo upelekwe maabara. Nikiomba leo, nitajibiwa mwakani. Mashine ni Jumatatu."

"Nimetoka Kambodia juzijuzi," Wilibrodi alisema. "Nimeona kwa macho yangu. Hekalu linawekwa mawe mapya, saruji mpya, winchi, na dunia nzima inapiga makofi. Kule ni uhifadhi. Hapa mnaita uharibifu?"

"Kule limeshaandikwa."

"Kwa hiyo aliyeandikwa anaruhusiwa kutengeneza, na ambaye hajaandikwa akitengeneza ameua."

Salome alifunika kalamu, akaifunua tena. "Kule kabla ya kugusa jiwe wanalipiga picha. Kila jiwe lina namba yake. Nisikilize. Nipe picha. Moja tu ya kabla. Hata ya harusi ambayo linaonekana nyuma. Nikiambatanisha picha naweza kuandika kwamba ni la kale, limekarabatiwa kimakosa. Nitaomba mashine zisimamishwe. Kwa picha moja naweza kupigana."

Wilibrodi alitoa simu. Moyo ulimdunda kwa tumaini, kwa mara ya mwisho katika habari hii.

Akafungua. Uso wa jiwe. Uso wa jiwe. Mzizi. Mlango wenye mzizi. Mafundi na winchi. Yeye mwenyewe akicheka mbele ya mnara. Panya kwenye bega lake. Ngazi. Wachezaji wa kike waliochongwa ukutani, mmoja mmoja, yeye akiinama kuwapiga picha kwa karibu ili aone hata kucha zao. Alirudi nyuma mwezi kwa mwezi. Picha mia tatu na kumi na mbili za mji wa wafalme wa watu. Kisha Morogoro, vizimba, ndizi za panya. Kisha likizo ya miaka mitatu nyuma, hapa hapa nyumbani: Tata na ng'ombe. Adela na sufuria. Ugali wa ulezi, umepigwa picha mara nne kwa sababu aliukumbuka. Kilima hakimo. Alikulia chini ya kile kitu, alijificha ndani yake mvua ilipomkuta na mbuzi, na hakuwahi kukinyooshea simu. Nani anapiga picha kinu cha mama yake?

"Adela," aliita. "Una picha yoyote ya ilungu? Ya kabla?"

Adela alishatoa simu yake. Alipekua, midomo ikihesabu kimya. Akatikisa kichwa. Wakaulizwa wanakijiji, simu zikatoka mifukoni, watu kumi na wanane wameinama kwenye vioo upepo ukiwapiga. Kulikuwa na picha za mazishi, za kipaimara, za pikipiki mpya. Mtu mmoja alikuwa na ya kilima, imepigwa kwa mbali, moshi umekifunika.

"Mzungu alipiga," alisema Mzee Yusto. Alikuwa amesogea, amesikia kutosha. "Mwaka themanini na nane. Mrefu, ndevu nyekundu. Alikaa siku tatu, alipiga pande zote, mpaka ndani. Alipima kwa kamba. Alisema atatuma."

"Jina lake, mzee?"

"Tulimwita Mrefu."

Salome aliandika hilo. Labda aliliandika kwa huruma. Alikunywa soda yake amesimama, akashukuru, na kabla ya kuingia garini alimwambia Wilibrodi kwa sauti ya chini kwamba kwenye maoni ataweka maneno ya kuomba uchunguzi zaidi. Wote wawili walijua maneno ya kwenye maoni huenda wapi.

Christopha alibaki akikunja hotuba yake. "Ila kazi tumefanya nzuri," alisema. "Hilo hakuna atakayelikataa."

"Kaa kimya, Christopha," alisema Adela.

Jioni Wilibrodi alikaa na baba yake kwenye kibaraza. Alijaribu kumwambia. Alianza mara tatu: Tata, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyesema. Mzee alimwacha amalize mara ya tatu.

"Ulisema," alikubali. "Na mimi nilitaka kusikia. Ungesema tuliache lilivyo, ningekuona umekuwa kama wale wasio na shoka." Alivuta koti lake. "Hao wa mawe. Walifanyaje mpaka wakaachiwa?"

Wilibrodi alifikiria wale wabebaji wasio na majina, wauza vitambaa langoni, mabomu mashambani. "Sijui, Tata. Sidhani kama waliachiwa."

"Basi."

Jumapili baada ya misa mzee alitaka kupigwa picha. Alivaa koti na kofia ya kanisani, akapanda kilima bila kushikwa, akasimama kushoto kwa ilungu jeupe, mgongo umenyooka, mkono mmoja juu ya plasta kama bwana harusi mzee asiyejua pa kuuweka. Jua lilikuwa kali. Chokaa iliunguza picha, na uso wa mzee ukatoka mweusi hausomeki. Wilibrodi alipiga tena. Ikatoka vile vile.

"Imetoka?"

"Imetoka."

"Ipeleke kule kwa wenye mawe. Waone na sisi tulikuwa na letu."

Jumatatu saa mbili kijiko cha mkandarasi cha kuchimbia kilipanda. Opareta alikuwa kijana mpole kutoka Mbozi. Aliwaamkia wazee kabla ya kupandisha mkono wa mashine. Pigo la kwanza lilichukua ubavu wa mashariki, ule wa tofali, ukaanguka kwa kipande kimoja kama ukuta wa choo. Pigo la pili halikuingia. Opareta alirudi nyuma, akapiga tena, mashine ikanyanyuka kwa mbele. Chini ya chokaa na saruji ule udongo wa kichuguu, uliochomwa na moto wa Adriano, ulikataa mara nne.

"Dah," alisema kijana, akitoa kichwa dirishani. "Hiki kitu kina nini ndani?"

Ilungu lilipofunguka lilikuwa jekundu kama ini, na ndani ya ule wekundu kulikuwa na duara za milango, nyeusi, zinang'aa, zimepangwa vizuri, mabomba ya udongo bado yako mahali pake na mavi ya chuma yameganda midomoni. Kila mtu aliliona. Liliona jua kwa dakika mbili labda. Wilibrodi alikuwa ameshika simu mkononi muda wote, na alipokumbuka kuinyanyua kijiko kilikuwa kimeshageuka kumwaga ndani ya lori.

Mzee Yusto hakusubiri lori lijae. Alishuka kilima akiwa ameinamisha kofia, na kwa kuwa njia ilikuwa imeshachukuliwa na malori, ilimbidi apite majanini.